Msimu Niliomfungia Mjukuu Wangu

Mwaka wenyewe siujui kwa tarakimu, anayeutaka kwa tarakimu akaulize parokiani. Mimi naujua kwa sahani. Ni mwaka tuliokula ugali kwa majani ya maboga kuanzia Krismasi mpaka Pasaka. Leo majani ya maboga, kesho majani ya maboga, Jumapili majani ya maboga yenye chumvi zaidi kidogo, kwa sababu maharage yote ya kijiji yalikuwa yamekwenda na malori. Zamani lilikuja lori la ushirika, likichelewa, limejaa vumbi, karani anapima na kuandika. Halafu likaacha kuja. Wakaja wenye malori yao, kila mmoja na mizani yake, wakasema sasa ni soko huria, auze kila mtu apendavyo. Tukauza. Wengine waliuza mpaka mbegu, tukabaki tunatazamana na maboga. Lakini dukani kulikuwa na kila kitu: sabuni za rangi tatu, biskuti, mafuta ya kula ya kupimiwa, ndala, makufuli. Makufuli nayataja makusudi.

Kabla ya hapo nyumba nyingi za kwetu hazikuwa na kufuli. Ukienda shamba unaegemeza kijiti mlangoni. Mgeni akiona kijiti anajua wenyewe hawapo, anageuza njia. Mtu mzima aliyeruka kijiti cha mwenzake angetungiwa wimbo kwenye pombe mpaka ahame.

Nilikuwa naishi na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa mwisho. Mama yake alifariki mtoto hajaota meno. Baba yake alishuka bondeni, upande wa Ilemba, kutafuta vibarua, akaona huko kunamtosha. Mtoto akabaki mgongoni mwangu. Alichelewa kila kitu isipokuwa kucheka. Wenzake walipokuwa wanakimbia yeye ndiyo anajifunza kukaa, wenzake walipochunga mbuzi yeye ndiyo anatembea. Maneno yake hata leo unayamaliza kwa vidole vya mkono mmoja: Bibi, maji, kazi, hapana. Watu walimwita zezeta. Wengine walisema nilimla mama yake kwa uchawi, na huyu ni makombo. Niliwajibu, kila mmoja kwa kipimo chake.

Alipofikia umri nilimpeleka shule. Nilimpaka mafuta, nikamvalisha gauni la kijani. Mwalimu akamwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, maana ndivyo walivyowapima watoto wasio na karatasi ya kuzaliwa. Sikio alilishika, tena hakutaka kuliachia. Alipoulizwa jina akacheka.

Mwalimu akasema, "Bibi, huyu mrudishe. Dawati ni la mtu atakayesoma."

"Umejuaje kama hatasoma? Umemfundisha lini?"

"Bibi, nina watoto themanini humu ndani."

Nikamrudisha. Mimi mwenyewe niliishia darasa la pili, nikadhani shule inapepeta watu kama tunavyopepeta ulezi, na yeye ameruka nje ya ungo. Siku hizi nasikia wanasema mtoto kama huyu ana haki ya kusoma. Wakati ule neno haki tulilisikia mahakamani na kwenye mahubiri tu, na hakuna aliyelisema akimwangalia yeye.

Basi nikamfundisha ninachokijua mimi. Kwetu Ufipa shamba la ulezi halianzi na ulezi. Mvua zikikaribia kuisha, Februari na Machi, tunang'oa nyasi kwa jembe, tunazikusanya, tunazifunika udongo, yanakuwa matuta ya mviringo yanayotufika magotini. Tunayaita ntumba. Juu yake tunapanda maharage, na nyasi zinaozea ndani. Mvua za msimu unaofuata zikishika, Desemba, tunayabomoa yale matuta, tunautawanya ule udongo mweusi shamba zima, ndipo tunamwaga ulezi. Kujenga kuna mwezi wake na kubomoa kuna mwezi wake. Mtoto wa kwetu hafundishwi hilo darasani, anakua analiona.

Mjukuu wangu kujenga kulimshinda. Matuta yake yalilala kama mbwa. Lakini kubomoa, nawaambia, hakuna mwanamume wa kijiji chetu aliyemfikia. Alipiga jembe katikati ya tuta, akavuta kulia, akavuta kushoto, limekwisha, anahamia jingine. Mwenye shamba akipika pombe ya ulezi na kuita watu waje kumsaidia kazi, wanawake waligombea kusimama karibu naye, kwa sababu akimaliza mstari wake aliingia wa mwenzake bila kuulizwa. Jirani yangu, mzee aliyekuwa rafiki wa marehemu mume wangu, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni: "Shemeji, kesho niazime lile trekta lako." Trekta langu lilikunywa togwa kibuyu kizima, likalala palepale kwenye nyasi likikoroma. Nilijivuna. Nani asingejivuna?

Halafu yakaja malori. Mjukuu wangu aliyapenda kupita kiasi. Akisikia muungurumo anaacha chakula. Mwezi wa Agosti, mwaka huohuo wa maharage, alipanda nyuma ya lori akakaa juu ya magunia, na dereva akaondoka bila kuangalia nyuma. Tulimtafuta mtoni, tukamtafuta kwenye mashimo ya udongo, watu wakafika hadi njia ya kwenda Kate. Kumbe yuko Sumbawanga mjini. Kesho yake mwanangu mkubwa, anayeishi huko akiwakusanyia mahindi wenye malori, alimkuta sokoni amekaa pembeni ya mama mmoja muuza maandazi, ambaye alimfunga kanga yake mwenyewe mabegani na kumpa chai. Nilimkagua mwili mzima, sina aibu kulisema. Hakuna aliyemgusa. Lakini tangu siku ile usingizi wangu ulikuwa wa kuku.

Mwanangu alimrudisha na mkononi ana kufuli. La shaba, zito, jipya, bado lina karatasi.

"Mama, haya ndiyo maendeleo," akasema. "Ukitoka unafunga. Huyu ni mwanamke sasa, ana miaka kumi na sita, kumi na saba. Siku nyingine hatutamkuta kwa muuza maandazi."

"Na dereva je?"

"Dereva amefanya nini?"

"Ameondoka na mtoto wangu juu ya gari."

"Mama, dereva ana kazi zake. Mwenye kasoro ndiye anafungwa."

Hapo ndipo nilipokosea. Mwanangu ndiye aliyeezeka nyumba yangu bati, ndiye aliyeniletea chumvi na sabuni, na kwa kweli niliogopa. Nikalichukua kufuli. Msije mkasema bibi alilazimishwa na watu. Mkono uliolibana siku ya kwanza ni huu wangu.

Nililala nikiamini nitamfungia wiki moja, mpaka malori yaishe. Malori hayakuisha. Yakiisha ya maharage yanakuja ya mahindi, yakiisha ya mahindi yanapita yanayopandisha mchele kutoka bondeni Mtowisa. Kila nikisema kesho namwachia, nasikia muungurumo barabarani. Nikaongeza kesho juu ya kesho.

Asubuhi nilimwekea uji, maji, na ndoo. Nikifunga alisema "Hapana" mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa kuongezewa mboga. Siku za mwanzo aligonga mlango. Baadaye akaacha kugonga, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikirudi namkuta amekaa palepale, mgongo ukutani, anaangalia ufa ulio chini ya mlango unapopitia mwanga. Akanenepa uso, miguu ikawa laini kama ya mtoto mchanga. Viganja vyake, vilivyokuwa na sugu kuliko vyangu, vikabambuka ngozi, vikawa vya mtu wa ofisini.

Nami nikawa mfungwa wa namna yangu. Ufunguo niliuvaa shingoni kwa uzi, pamoja na rozari, na jasho likinitoka ulinigandia kifuani. Sikuweza kukaa kwenye misa mpaka matangazo. Kwenye pombe nilikunywa nikiwa nimesimama. Wenzangu waliniona.

"Bibi, mbona una haraka kama mwenye kichanga?"

"Ninacho."

"Kichanga cha miaka kumi na saba!" Wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikaenda zangu mbio, magoti yanauma. Mvua za kwanza zilinikuta hivyo. Desemba nzima kijiji kilikuwa mashambani kinabomoa ntumba, nyimbo zinasikika mpaka nyumbani. Mke wa jirani yangu aliniuliza mara moja, "Trekta liko wapi mwaka huu?" Nikamjibu linaumwa. Alijua haliumwi. Ufunguo niliuvaa nje ya blauzi.

Ikafika Machi, wakati wa kujenga matuta mapya. Jirani yangu alikuwa mmoja wa wachache ambao hawakuuza mbegu. Alizificha kwenye mtungi, amezichanganya na majivu, akaziba mdomo kwa udongo. Maharage yake yalikuwa yameota majani mawili mawili juu ya ntumba mpya, kijiji kizima tunayapitia tunayameza kwa macho. Wengi tulishamwomba atupatie mbegu akivuna.

Asubuhi moja nilitundika kufuli bila kulibana. Nimejiuliza mara nyingi kama nilisahau au mkono ulikataa. Sijui, na sitawadanganya kwamba najua. Nilikwenda shambani kwangu ng'ambo ya kijito. Jua halijapanda sana nikasikia jirani anapiga yowe, si yowe la nyoka wala la moto, yowe la mtu anayeona kitu kisichoingia akilini.

"Anabomoa! Anabomoa Machi! Nani anabomoa Machi?"

Nikajua kabla sijavuka maji.

Alikuwa katikati ya shamba la jirani, na jembe la jirani mwenyewe, amelitoa pale linapoachwa kwenye uchochoro. Kuanzia barabarani mpaka kwenye mti wa mpaka hakuna tuta lililosimama. Udongo ulikuwa umetawanywa vizuri, sawasawa, hauna bonge, shamba lililo tayari kumwagwa ulezi. Na juu ya ule udongo yalikuwa yametapakaa majani mawili mawili, mizizi juu. Viganja vyake vilikuwa vinatoka damu. Aliponiona alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Agosti.

"Bibi," akasema. "Kazi."

Jirani alimshika mkono ampige. Nikaingia katikati, kofi likanipata mimi sikioni. Mzee yule akashtuka mwenyewe, akakaa chini juu ya udongo wake, akashika kichwa.

"Shemeji, amenimaliza," akasema. "Ana chuki gani na mimi huyu mtoto?"

Jibu lilikuja nikiwa namwosha damu nyumbani. Hana chuki. Alitoka ndani akakuta ardhi imelowa na ntumba zimesimama kwenye shamba la mzee ambaye kila mwaka alikuwa anamwita kwa heshima kuja kubomoa. Kwake yeye ilikuwa Desemba. Ile Desemba yenyewe nilikuwa nimemfungia, ikapita nje ya mlango bila yeye kuiona. Kila mtu wa kwetu anajua mwezi kwa kuwa yuko nje anauona ukipita, yeye nilimtoa kwenye miezi, halafu tukamshangaa kwamba hajui Machi ni Machi. Lile shamba nililibomoa mimi, kwa kufuli. Nilikaa na bakuli la maji yenye damu nikalia kwa sauti, na yeye akanipangusa kwa kanga akidhani ni sikio linaniuma.

Jumapili baada ya misa walikuja kukaa kikao kwangu. Mwenyekiti wa kitongoji, kijana niliyemkata kitovu mimi mwenyewe, alikuja na daftari. Jirani yangu na mkewe walikuja. Mwanangu aliitwa kutoka mjini, akaja na mfuko wa plastiki uliokuwa unalia chumachuma. Mjukuu wangu alikaa kwenye mkeka nyuma yangu anachambua mboga.

Mwenyekiti alianza vizuri. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sema kilichokuleta."

"Bibi, hili jambo tulimalize kiundugu. Mzee ameumia."

"Ameumia. Nimekwishamwambia, nitamjengea matuta yake mwenyewe, mimi na huyu."

Jirani akatikisa kichwa. "Shemeji, sitaki kujengewa na sitaki kulipwa. Wewe ni mtu wangu. Nataka nilale nikijua kesho sikuti tena shamba liko chini. Nataka afungwe kisawasawa, basi."

Mwanangu akamwaga mfuko kwenye kigoda. Komeo la chuma, bawaba mbili, na mnyororo mwembamba, ule wa mbwa.

"Mama, kufuli tumeona halitoshi," akasema. "Fundi anakuja kesho kutia komeo. Na siku unazokwenda mbali, kuna huu. Wa mguuni. Haumuumizi, nimeufunga kitambaa hapa, ona."

Aliufunga kitambaa kweli. Alikishona kwa mkono. Hicho kitambaa ndicho kilichoniuma zaidi, kwa sababu mwanangu si mtu mbaya, alikaa mjini akashona kitambaa kwenye mnyororo akiwaza mguu wa mtoto wa dada yake, na bado akauleta.

Nikawaeleza yale niliyoyaona nikiwa na bakuli. Nikasema miezi. Nikasema Desemba. Mke wa jirani alinielewa, nilimwona, aliinamisha macho. Mwenyekiti alikuna kidevu kwa kalamu.

"Bibi, kwa hiyo unasema zezeta anajua miezi?"

"Usimwite hivyo kwenye uwanja wangu. Nilikukata kitovu, naweza kukukata na kingine."

Watu wakacheka, hata jirani yangu akacheka kidogo, halafu akakumbuka shamba lake akaacha.

Nikasema, "Anajua kazi. Miezi mnaijua ninyi kwa kuwa mko nje. Mfungie huyu mwenyekiti tangu Agosti, mfungulie Machi, tuone atapanda nini."

"Na akipanda lori tena?" akauliza mwanangu. "Akirudi na mimba isiyo na mwenyewe? Mama, mimi natazamwa na watu mjini. Wanasema huyo ndiye mwenye mpwa anayelala sokoni."

"Wanaomwinda ndio wa kutazamwa. Atakwenda shamba na mimi, atarudi na mimi. Lori likisimama kijijini, mwenyekiti amwambie dereva aangalie nyuma kabla hajaondoka. Hiyo ni kazi ya mwenyekiti, si ya mnyororo."

"Na ukifa?" akauliza tena.

Swali hilo ninalo mpaka leo. Kuku akaja kudonoa mboga kwenye mkeka, mjukuu wangu akamfukuza, "Hapana!"

Mwanangu akasimama. Alizungumza taratibu, na mwanangu akizungumza taratibu ndipo ujue amekasirika. "Sikia, mama. Ukikubali, kila kitu kiko kama kilivyo. Ukikataa, basi usiniite tena. Bati likivuja usiniite. Huyu akipotea usiniite. Nimechoka kuwa mtoto wako peke yangu."

Nikamtazama. Nikatazama bati lake juu ya nyumba yangu, nikatazama jirani yangu niliyekuwa namtegemea kwa mbegu, naye akatazama pembeni. Wote wanne walikuwa wananipenda, kila mmoja kwa namna yake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekaa upande wetu wa mkeka.

Mwenyekiti akafungua daftari kwenye ukurasa mpya. "Bibi, lazima niandike umekubali au umekataa. Nipeleke ofisini."

Nikasema, "Simfungi. Kwa kufuli simfungi, kwa mnyororo simfungi, na atakayekuja kumfunga aanze na mimi."

Kijana akaanza kuandika. Mwandiko wake ulikuwa wa polepole, neno moja moja, ulimi nje kama alivyokuwa anafanya mtoto. Mwanangu akachukua komeo, akachukua bawaba, akaurudisha mnyororo kwenye mfuko. Hakuaga. Tulimsikia akiwasha pikipiki. Mwenyekiti akainua kichwa.

"Bibi, nimeishia kwenye kufuli. Umesemaje baada ya hapo? Rudia kuanzia mwanzo, taratibu."

"Simfungi. Kwa kufuli simfungi, kwa mnyororo simfungi, na atakayekuja kumfunga aanze na mimi."